Mbegu Ipi Uitunze, Ipi Uinunue: Uliza Ua Kwanza

Mkulima anayenunua mbegu ya mahindi chotara kila msimu ana sababu nzuri. Anayenunua mbegu ya maharage kila msimu, mara nyingi anapoteza fedha yake bure. Na yule anayepanda kwa mwaka wa tano mfululizo mahindi aliyoyabakiza kutoka kwenye mavuno ya chotara, huku akilalamika kwamba mvua za siku hizi si kama zile za zamani, huyo anajidanganya. Watatu hawa wanatofautishwa na jambo moja ambalo mwenye duka la pembejeo halimpasi kulieleza na aghalabu halielezi: namna ua la kila zao linavyopata chavua.

Iko mimea inayojichavusha. Chavua hutoka kwenye ua na kutua juu ya stigma ya ua lilelile, au ya ua jingine la mmea huohuo, na mbegu inayofungwa haina baba mwingine zaidi ya mama yake. Maharage yamo humo, na mpunga, ngano, karanga, kunde, choroko, soya, njegere na nyanya. Iko pia mimea inayochavushana, mmoja na mwenzake, kwa msaada wa upepo au wadudu: mahindi, alizeti, maboga, matikiti, vitunguu, karoti, kabichi. Mimea mingine imesimama katikati, na hiyo ndiyo inayowaponza wengi; nitaifikia.

Kama maharage yako yameanza kutoa maua, nenda shambani jioni ukiwa na pini. Tafuta tumba lililojaa, lenye rangi tayari lakini halijafunguka, lile ambalo kwa kulitazama unajua kesho asubuhi litakuwa wazi. Bandua ile petali kubwa ya juu, kisha mbili za pembeni. Chini yake utaona petali mbili zilizoungana na kujisokota, zikificha kitu ndani. Zipasue taratibu kwa ncha ya pini. Utakuta stameni 10 zimebanana kuizunguka stigma, na ukiwa na bahati utaona unga wa manjano umekwisha kuipaka. Vifuko vya chavua hupasuka humohumo ndani, ua likiwa bado limefumba. Kesho nyuki atakapotua, harusi imeshapita. Anachofuata ni pilau.

Mpunga haujifichi hivyo, lakini una haraka. Ua lake hufunguka mchana, kwa muda wa kama saa moja tu, na vifuko vya chavua hupasuka palepale linapofunguka. Chavua ya mpunga ikishatoka huishi dakika chache. Kwa hiyo hata kama jirani yako amepanda Supa na wewe umepanda SARO 5, na mmetenganishwa na jaruba tu, punje zilizochanganyika damu kwa kawaida hazifiki moja katika kila mia. Karanga nazo huchanua alfajiri zikiwa zimeshajichavusha au zinamalizia, ndipo kikonyo kinaanza kurefuka kuelekea ardhini.

Tabia hii ya kujifungia ndiyo iliyomfaa Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, alipoanza majaribio yake ya njegere mwaka 1856. Alihitaji mmea ambao angeweza kujua baba wa kila mbegu. Njegere ikiachwa peke yake hujichavusha. Akitaka kuzichanganya, ilimbidi afungue tumba, aondoe vifuko vya chavua kabla havijakomaa, halafu apake chavua ya mmea alioutaka. Alipochapisha kazi yake mwaka 1866 watu wachache waliijali, ila hesabu aliyoiacha ndiyo mpaka leo inayotuambia ni mbegu gani inafaa kubakizwa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mmea wenye mchanganyiko wa urithi kutoka kwa wazazi wawili tofauti ukijichavusha, nusu ya mchanganyiko huo hutoweka katika kizazi kinachofuata. Kizazi cha pili hubaki robo, cha tatu moja ya nane. Ukifika kizazi cha sita au cha saba, kilichobaki ni kidogo sana, na mmea unazaa watoto wanaofanana nao karibu kwa kila kitu. Maharage yanayouzwa kama aina kamili, iwe Lyamungu 90, Jesca, Uyole 96 au Njano Uyole, yalishapitia safari hiyo mikononi mwa watafiti kabla hayajafika kwako. Yamekwisha kutulia. Ukiyapanda, ukayavuna na kuyapanda tena, unachopata ni aina ileile, na ndivyo ilivyo hata kwa mbegu ya bibi ambayo haikupita maabara yoyote. Hapo ndipo penye faida kubwa ya kujichavusha kwa mtu wa jembe: mbegu bora ukishainunua mara moja, urithi wake ni wako.

Hii pia inaeleza kwa nini maduka yetu yamejaa paketi za mahindi na mboga chotara, na mbegu ya maharage ni ya kuulizia. Kampuni ya mbegu inaishi kwa mteja anayerudi. Mteja wa maharage harudi, au harudi upesi. Isitoshe, ekari moja ya mahindi hutaka kilo 8 hadi 10 za mbegu, wakati ekari ya maharage humeza kama kilo 30. Gharama ya kuzalisha na kusafirisha mzigo huo ni kubwa na mnunuzi ni wa mara mojamoja. Siwalaumu wafanyabiashara, nasema tu kwamba kimya chao kuhusu maharage kisikufanye udhani hakuna cha kufanya.

Sasa tuje kwenye lalamiko linalosikika kila wilaya: mbegu imechoka. Mtu alinunua maharage mazuri, msimu wa kwanza akavuna vizuri, wa tatu mavuno yakapungua, wa tano akakata tamaa. Kwa mahindi chotara maelezo hayo yana ukweli, kwa sababu urithi wenyewe umevunjika. Kwa maharage, kilichochoka si urithi. Mara nyingi ni magonjwa yanayosafiri ndani ya mbegu, ni mchanganyiko ulioingia kwenye gunia au uwanja wa kupuria, na ni punje zilizohifadhiwa vibaya zikapoteza nguvu ya kuota. Yote matatu yanatibika bila kurudi dukani kila Oktoba.

Magonjwa ndiyo yenye uzito zaidi. Chule, ule ugonjwa unaoacha mabaka meusi yaliyobonyea kwenye maganda, hupenya mpaka kwenye punje na kusubiri msimu ujao. Bakteria wanaobabua majani hufanya hivyohivyo, na virusi vinavyokunja majani na kuyatia madoadoa ya kijani kibichi na kijani kilichopauka pia hupita kwenye mbegu. Mmea unaojichavusha humrithisha mtoto sura ya mama kwa uaminifu, lakini mgonjwa akiachwa azae, mtoto naye huzaliwa na ugonjwa. Anayeokota mbegu kutoka kwenye gunia la chakula anachota vyote kwa pamoja, kizuri na kibovu, bila kujua punje ipi ilitoka kwenye mmea upi.

Kwa hiyo mbegu huchaguliwa shambani, mimea ikiwa imesimama. Nashauri utenge kitalu cha mbegu, kipande kidogo chenye udongo mzuri, ambacho msimu uliopita hakikupandwa maharage wala kunde. Nunua kilo 4 za mbegu iliyothibitishwa, si 30, uzipande humo kwa nafasi ya kutosha na kuzipalilia kwa wakati. Zikitunzwa vizuri hutoa kilo 40 na ushee, ambazo zinatosha ekari moja ya msimu unaofuata. Pita humo mara tatu. Kabla ya maua, ng'oa kila mche wenye majani yaliyokunjamana au yenye madoadoa, uutoe nje ya shamba. Wakati wa maua, ng'oa wenye ua la rangi tofauti na wenzake, kwa kuwa huo ni wa aina nyingine hata kama majani yanafanana. Maganda yakishajaa, ng'oa yenye mabaka. Usiingie kitaluni asubuhi majani yakiwa na umande au baada ya mvua, maana bakteria hushika nguo na mikono yako na wewe ndiwe utakayewasambaza.

Kisha chagua mimea bora, ifunge uzi au kitambaa, uivune peke yake na kuipura peke yake, mbali na uwanja ulikopurwa maharage mengine. Kwa zao linalojichavusha huhitaji mimea mingi ili kulinda urithi. Mimea 30 au 50 iliyochaguliwa kwa jicho kali inatosha kuwa mwanzo. Tena huhitaji kumkimbia jirani. Mita chache kati ya aina mbili za maharage zinatosha kuzuia punje kuchanganyika wakati wa kuvuna, na hiyo ndiyo hofu kubwa kuliko chavua. Pamoja na hayo yote bado utapata punje moja moja ya rangi ngeni, kwa sababu nyuki wakubwa huweza kulilazimisha ua. Usishangae, iondoe tu.

Baada ya misimu mitatu au minne, nunua tena kilo chache za mbegu safi uanze upya. Lengo ni kuondoa magonjwa yaliyojikusanya, si kurudisha urithi uliopotea.

Nyanya inahitaji maelezo yake, kwa sababu watu wengi wanajua kwamba inajichavusha na bado wanakosea. Ua la nyanya limeinama, na vifuko vyake vya chavua vimeungana kuwa bomba linaloifunika stigma. Chavua humwagika ndani ya bomba hilo, ila haimwagiki hivihivi: ua linapaswa kutikiswa. Nje, upepo na nyuki wanaovuma juu ya ua hufanya kazi hiyo. Ndani ya kitalu nyumba hakuna upepo, na ndiyo maana mkulima anaona maua mengi na matunda haba. Tikisa kamba zilizoshikilia mimea, au gonga nguzo inazoegemea, kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana chavua ikiwa imekauka, kila baada ya siku moja. Huko Uholanzi na Ubelgiji walikuwa wakitumia vitetemeshi vya umeme kwa kazi hiyo hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 walipoanza kufuga nyuki maalumu wa vitalu. Sisi mikono inatutosha. Tahadhari moja: joto likizidi nyuzi 32 mchana, na usiku nao ukawa wa joto, chavua yenyewe huharibika na maua hupukutika hata ukitikisa mpaka uchoke. Wakulima wa pwani wanaopanda nyanya katika miezi ya joto kali wanapambana na hilo, na dawa ya maduka haitawasaidia, waahirishe tarehe.

Kuhusu mbegu ya nyanya, soma paketi. Tanya, Tengeru 97, Cal-J na Rio Grande ni aina zilizotulia. Tunda zuri kutoka kwenye mmea mzima litakupa mbegu itakayofanana na mama. Kamua mbegu pamoja na maji yake kwenye chombo, ziache zichachuke siku moja au mbili kulingana na joto, ukikoroga, mpaka utando unaozizunguka uyeyuke. Ongeza maji: nzima zitazama, mapepe yataelea. Osha, anika kivulini kwenye sahani au wavu, si kwenye gazeti kwa kuwa zitagandia. Lakini kama paketi ina maandishi F1, yaani chotara, kama ilivyo Anna F1 inayopendwa vitaluni, watoto wake watatawanyika: mmoja tunda kubwa, mwingine dogo, mmoja anastahimili ugonjwa, mwingine anakufa wa kwanza. Nyanya kujichavusha hakuiponyi chotara. Kwa kweli ndiko kunakoufichua mchanganyiko uliokuwa umefichwa. Mtu mwenye subira na kipande cha ardhi cha kuchezea anaweza kuchagua mmea bora katika mtawanyiko huo, kizazi baada ya kizazi, mpaka cha sita au cha saba utulie uwe aina yake mwenyewe. Ni kazi ya kupendeza, ila usiifanye kwenye shamba unalolitegemea kulipa ada ya watoto.

Nimesema kuna mimea ya katikati. Mbaazi ndiyo hatari kuliko yote, kwa sababu inafanana na jamaa zake kunde na maharage na mtu anaidhania tabia ileile. Sivyo. Nyuki huitembelea sana, na sehemu kubwa ya punje zake, pengine moja katika kila tano au zaidi, huwa na baba wa shamba jingine. Mkulima wa Babati anayepata mbaazi za muda mfupi na kuzipanda kando ya za kienyeji, baada ya misimu michache atakuta hazikomai tena kwa pamoja. Mtama hujichavusha zaidi lakini huvujisha. Pamba, bamia na pilipili vivyo hivyo. Pilipili kali ikipandwa karibu na hoho, mbegu yake ya mwaka ujao inaweza kukushangaza mdomoni. Kwa mazao haya, acha umbali wa kutosha, mita mia mbili au zaidi ukiweza, au funika maua machache kwa kitambaa chepesi cha chandarua kabla hayajafunguka na kuyawekea alama. Yaliyofunikwa yatajichavusha yenyewe na mbegu itakuwa salama.

Mahindi yapo ng'ambo kabisa. Mbelewele ziko juu, ndevu ziko chini, na chavua hudondoka na kupeperushwa; zaidi ya punje 95 katika kila mia huchavushwa na mmea mwingine. Ukiyalazimisha mahindi kujichavusha, yanadhoofika vizazi vikifuatana: yanafupika, gunzi linapungua, mengine hutoka meupe bila kijani na kufa. Charles Darwin alilichunguza jambo hili katika mimea mingi na kuandika kitabu kizima juu yake mwaka 1876. Mwaka 1908 Mmarekani George Shull alionyesha upande wa pili: koo mbili za mahindi zilizodhoofishwa hivyo zikikutanishwa, mtoto huinuka kwa nguvu kuliko wote. Biashara nzima ya mahindi chotara inasimama juu ya ugunduzi huo, pamoja na aina ya H611 iliyotoka Kitale, Kenya, mwaka 1964. Nguvu hiyo ni ya kizazi kimoja. Ukibakiza mbegu ya chotara, ndugu wanaanza kuchavushana na nguvu inaporomoka. Anayetaka kutunza mbegu ya mahindi, atunze ile isiyo chotara, achague magunzi kutoka katikati ya shamba, kutoka kwenye mimea isiyopungua mia moja na ikiwezekana mia mbili, na jirani wa karibu awe mbali au achelewe kupanda kwa wiki tatu au nne.

Kwa nini basi maharage hayadhoofiki? Kwa sababu yamekuwa yakijichavusha kwa maelfu ya miaka, na kila urithi mbaya uliojitokeza ulikufa pamoja na mmea ulioubeba. Yamekwisha kujisafisha. Mahindi hayajapitia usafishaji huo. Mabaya yake yamejificha nyuma ya mazuri.

Hata hivyo mmea unaojichavusha hulipa gharama yake mahali pengine, na mkulima akiisahau italipwa na yeye. Watoto wanaofanana na mama wanafanana pia katika udhaifu. Mwaka 1998 nchini Uganda, ngano iliyokuwa imeaminiwa kustahimili kutu ya shina ilikutwa imeshikwa. Aina hiyo mpya ya kuvu ikaitwa Ug99. Jeni la ulinzi lililoshindwa, Sr31, lilikuwa limeingizwa katika aina nyingi za ngano duniani, na kila mmea uliokuwa ukilitegemea ulikuwa wazi kwa namna ileile. Kutu ikaingia Kenya na Ethiopia, ikavuka hadi Yemen mwaka 2006, Iran mwaka 2007. Njoro, nchini Kenya, ndiko ngano za nchi nyingi zinakopelekwa kupimwa dhidi yake, kwa kuwa ugonjwa uko palepale. Kujichavusha hakukuleta kuvu. Kulihakikisha tu kwamba mmea wa pili ni sawa na wa kwanza, ekari kwa ekari, na aliyempata mmoja amewapata wote.

Kahawa ya arabika ina hadithi ndefu zaidi. Nayo hujichavusha, na ile iliyosambazwa duniani ilitokana na miti michache iliyopitia Yemen. Kutu ya majani ilipogunduliwa Sri Lanka mwaka 1869, ilikuta mashamba ya miti iliyokuwa karibu ndugu wa tumbo moja. Ndani ya miongo michache kahawa ya kisiwa hicho ilikuwa imekwisha na chai ikachukua nafasi yake. Mkulima wa Kilimanjaro anayeng'ang'ania mibuni ya babu bila kuchanganya na aina mpya zinazostahimili kutu na chule ya buni anatembea katika njia hiyohiyo.

Jibu bora la tatizo hili halikutoka maabara. Wakulima wa Burundi, Rwanda, Kivu na Kagera, wanawake hasa, kwa vizazi vingi wamepanda maharage ya mchanganyiko: punje nyekundu, za njano, nyeusi, za madoa, katika shamba moja. Mgeni huona vurugu. Lakini kwa kuwa maharage hujichavusha, mchanganyiko ule hauyeyuki kuwa kitu kimoja. Kila aina hubaki ilivyo, zikikua bega kwa bega. Mvua ikizidi, aina fulani huoza mizizi na nyingine husimama. Ugonjwa ukipita, haupati njia iliyonyooka kutoka mche hadi mche. Na mwenye shamba kila msimu hurekebisha uwiano kwa mkono wake, akiongeza za aina iliyofanya vizuri kwenye kipande chenye rutuba na nyingine kwenye kipande kilichochoka. Huo ni ubunifu wa hali ya juu, na nasikitika kuona soko linauua kwa kudai gunia la rangi moja.

Kama unauza, huwezi kulipuuza soko. Panda basi aina mbili au tatu katika vipande tofauti, zenye wazazi tofauti kadiri unavyoweza kujua kutoka kwa afisa ugani, na uvune kila moja peke yake. Kama ni ya chakula nyumbani, changanya bila woga, ukihakikisha tu zinakomaa na kuiva jikoni kwa muda unaokaribiana, la sivyo sufuria itakuwa na punje zilizopondeka na nyingine ngumu.

Kwa wenye miti na mimea inayotambaa, neno fupi. Kahawa ya robusta, tofauti na arabika, haiwezi kujichavusha: inakataa chavua yake yenyewe. Mtu wa Kagera akijaza shamba miche ya vikonyo iliyotoka kwenye mti mmoja kwa sababu mti huo unazaa sana, atakuwa na majani mazuri na buni chache. Achanganye miche ya miti kadhaa tofauti. Pasheni ya zambarau hujichavusha, ya njano hukataa, na hutaka miche ya asili tofauti pamoja na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa boriti za nyumba, basi usiwafukize. Vanila iko tayari kupokea chavua yake, lakini utando mwembamba umesimama kati ya kifuko na stigma. Mwaka 1841 kijana Edmond Albius, mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion, alionyesha namna ya kuinua utando huo kwa kijiti na kuusukuma mfuko wa chavua kwa kidole gumba mpaka uguse. Wakulima wa Bukoba na Mukono wanafanya hivyo leo. Ua hufunguka asubuhi na mchana limesinyaa, kwa hiyo kazi ni ya mapema. Na usichavushe maua yote ya kishada, manane au kumi yanatosha, ama sivyo maganda yatakuwa membamba na mmea utachoka.

Na kwa kuwa tunazungumzia mimea inayojitosheleza, litazame gugu la kiduha. Yule mwenye maua mekundu hujichavusha. Shina moja lililoingia shambani na mbegu chafu ya mtama, bila mwenzake wala nyuki, linaweza kudondosha mbegu makumi ya maelfu zitakazolala ardhini miaka mingi. Kiduha kikubwa cha maua ya zambarau cha kanda ya ziwa kinahitaji mwenzake. Kwa huyo mwekundu usisubiri waongezeke ndipo uone haja ya kung'oa. Mmoja ni wengi.

Kupanda mbegu yako shambani mwako ni jambo moja, kuiuza kama mbegu ni jingine. Nchini Tanzania biashara ya mbegu inasimamiwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha mbegu, na wakulima wana mlango wao: daraja la mbegu za kuazimiwa ubora, QDS, ambalo hukaguliwa shambani na kuuzwa katika eneo la jirani. Kikundi chenye kitalu kizuri cha maharage au mpunga kinaweza kupitia mlango huo. Nchini Kenya, waulizwe wakaguzi wa KEPHIS.

Imebaki hifadhi, ambako mbegu nyingi nzuri hufia. Kausha mpaka punje ikiumwa inalia, haibonyei. Usipoamini meno yako, weka punje na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo, tikisa, uache dakika chache: chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, rudisha mbegu juani. Kisha ziweke kwenye chombo kisichopitisha hewa, dumu la plastiki lenye mfuniko wa kubana au mfuko wa tabaka tatu, ukijaze mpaka juu ili fukusi wakose hewa. Andika aina na msimu kwa kalamu isiyofutika.

Wiki mbili kabla ya kupanda, hesabu punje 100 bila kuchagua, uzifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, ukiweke mahali pa uvuguvugu na kukinyunyizia maji kila siku. Siku ya saba fungua uhesabu zilizoota vizuri. Zikiwa 85 au zaidi, panda kama kawaida. Zikiwa kati ya 70 na 85, ongeza punje kwa kila shimo. Chini ya hapo tafuta mbegu nyingine, na hizo, kama hukuzitia dawa, zipeleke jikoni.